NZE inayozima kwenye foleni ya feri: betri mpya, pampu mpya na waya ulioozea ndani

Gari ni Toyota Corolla NZE121 ya 2003, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, gia otomatiki, throto (mlango wa kuingizia hewa ya injini) ya kuvutwa na waya. Dashibodi inaonyesha kilomita 214,000, na nambari hiyo ichukuliwe kama umri wa mtu aliyezaliwa kabla ya vyeti. Kazi yake ni teksi, kutwa kati ya Likoni na mjini Mombasa, siku nyingine mpaka Nyali na Bamburi. Dereva alieleza ugonjwa kwa sentensi moja iliyobeba karibu kila kitu: "Fundi, ikitembea ni nzima, ikisimama ni mgonjwa."

Maelezo zaidi yalitoka kwa kuulizwa. Gari halizimi likiwa baridi. Huzima baada ya nusu saa ya kazi, likiwa na AC, dereva anapokanyaga breki kukaribia kusimama, au sekunde chache baada ya kusimama. Foleni ya feri ndiyo inayolichosha kuliko pengine popote: kusogea hatua tano, kusimama, kusogea tena, jua la saa nane, AC imewashwa. Likizima huwaka mara moja, hasa mguu ukigusa mafuta kidogo. AC ikizimwa, huvumilia. Taa ya injini haiwaki. Barabara kuu ya Changamwe linakwenda vizuri bila kukwama wala kukosa nguvu.

Hapo tayari nusu ya washukiwa wametolewa. Injini inayovuta vizuri kwenye mlima na mwendo wa kasi ina petroli ya kutosha, kwa sababu huko ndiko petroli inakohitajika nyingi. Pampu dhaifu hulalamika gari linapopakia watu na kupanda, halilalamiki likiwa limesimama. Hata hivyo pampu ya gari hili ilikuwa imeshabadilishwa, na ile ya zamani ilitolewa bila kupimwa.

Swali lililofungua kisa halikuhusu kuzima kabisa. Lilikuwa hili: kabla ya siku ya kwanza ya kuzima, gari liliguswa wapi? Jibu: betri. Wiki mbili nyuma starta ilikuwa inalemea asubuhi, mwenye gari akanunua betri mpya. Siku iliyofuata gari likazima mara ya kwanza kwenye foleni. Kisha zikafuata plagi nne, kisha pampu, kisha mtu akakaza skrubu ya kwenye throto ili "kuongeza mlio". Baada ya skrubu hiyo gari likawa linaamka asubuhi kwa mizunguko 1,900 kwa dakika, linasukuma mbele dereva akiwa ameshika breki, likiingizwa D kutoka P linapiga kishindo, na foleni ya feri bado linazima. Ugonjwa mmoja umekuwa miwili.

Kwa nini wakati wa kusimama

Mguu ukiondoka kwenye mafuta, mlango wa throto hujifunga. Gari likiwa bado linateremka mwendo, kompyuta hukata petroli kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Mizunguko ikishuka vya kutosha petroli hurudishwa, na kuanzia hapo injini lazima ijitegemee. Hewa ya kuishi kwayo haipiti tena mlangoni. Hupita kwenye kichochoro pembeni mwa mlango, na kichochoro hicho hulindwa na vali ya ISC iliyofungwa chini ya throto. Kompyuta huifungua na kuifunga vali hiyo muda wote kutafuta mizunguko kama 700. AC ikiingia, vali inatakiwa ifunguke zaidi kabla kompresa haijaikaba injini. Feni ya rejeta ikiwaka, altaneta huwa nzito, vali hufunguka tena. Gia ikiwa D na breki imeshikwa, hiyo nayo ni mzigo.

Kwa hiyo sekunde mbili za kusimama ndizo pekee ambapo mizigo yote humwagwa juu ya kichochoro chenye upana wa kidole. Kikiziba nusu, gari linalokwenda halitajua lolote.

Kinachokiziba ni mvuke wa oili. Moshi unaovuja kupita ringi za pistoni hurudishwa kwenye njia ya hewa ili uunguzwe, na ukikutana na throto huacha utando mweusi unaonata. Teksi ya mjini, yenye saa nyingi za injini na kilomita chache, hujaza utando huo upesi kuliko gari la safari ndefu. Utando hauji siku moja, nao ndio mtego wenyewe. Kompyuta huona mizunguko inashuka kidogo, huifungua vali kidogo zaidi, na kuihifadhi hesabu hiyo kwenye kumbukumbu. Mwaka mzima dereva haoni kitu. Kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme wa betri. Betri ikitolewa, hesabu inafutika, kompyuta inaanza upya kwa hesabu za throto safi kwenye throto chafu.

Ndiyo maana gari lilizima kesho yake. Betri mpya haikuwa na kosa lolote. Ilifunua deni lililokuwa likilipwa kimyakimya.

Vipimo, kwa mpangilio uliofuatwa

Kwanza kodi, yaani nambari za hitilafu ambazo kompyuta huzihifadhi. Magari mengi ya Japani ya miaka hiyo hayakubali kusomwa na vile visomaji vidogo vya bei rahisi, na mtu akidhani kisomaji kimeharibika anakosea. Njia ya zamani ipo: kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuamsha injini, kisha hesabu mimweko ya taa ya injini. Mmweko wa mfululizo usio na mapumziko maana yake hakuna kodi. 33 ingekuwa mfumo wa ISC, 41 sensa ya throto, 42 sensa ya mwendo, 31 sensa ya hewa. Hapa hapakuwa na kodi. Usifurahi wala usisikitike: kompyuta hugundua waya uliokatika, haina jicho la kuona masizi.

Waya uleule una kazi ya pili. Injini ikiwa moto na inanguruma katika N, unganisha pini hizohizo: vali ya ISC inaamrishwa kufunguka, mizunguko inapaswa kupanda kupita 1,000 kwa sekunde kama 5 kisha irudi. Hapa, baada ya skrubu ya throto kulegezwa kwa muda ili isidanganye, mizunguko ilitoka 620 ikafika 700 kwa uvivu. Vali inasikia amri lakini haina nafasi ya kuitekeleza.

Kisha ikaondolewa hofu ya hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia kupitia mpira uliopasuka bila kupita kwenye sensa. Kwa gari lenye sensa ya hewa kama hili, wizi huo hujionyesha kwenye masahihisho ya petroli: injini ikiwa katika mzunguko wa chini kompyuta inaongeza petroli asilimia 15, 20 au zaidi, na ukipandisha hadi 2,500 masahihisho yanashuka karibu na sifuri. Skana ya Toyota ilionyesha asilimia 4 chini na 3 juu. Mipira ni mizima. Wale wanaopulizia kisafishio cha kabureta juu ya injini moto kutafuta uvujaji wakumbuke kwamba kinashika moto. Maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia hufanya kazi hiyohiyo, taratibu zaidi.

Buusta ya breki, inayouongezea mguu nguvu kwa mvuto wa hewa wa injini, ilijaribiwa kwa sababu ugonjwa unakuja na breki. Injini imezimwa, pedeli ikanyagwe mara tano, ishikiliwe, injini iwashwe: pedeli ikashuka kidogo chini ya mguu, kama inavyotakiwa. Ikishikiliwa kwa nguvu, mlio wa injini haukubadilika. Buusta iliyopasuka ngozi yake ingeivuruga injini kila breki inaposhikwa.

Gia otomatiki nayo inaweza kuzima gari wakati wa kusimama, ikiwa ile klachi ya ndani ya konveta imegoma kuachia. Dalili yake hufanana na kusimamisha gari la manyua bila kukanyaga klachi. Jaribio: kwenye barabara tupu, mita 20 kabla ya kusimama, sogeza D kwenda N. Likiacha kuzima, angalia gia. Hili lilishuka hadi 500 na kutetemeka hata katika N, kwa hiyo gia ikaachwa kwa amani.

Shinikizo la petroli lilisomwa 320 kPa. La injini hii ni kati ya 304 na 343. Joto la maji kwenye skana lilikuwa nyuzi 88. Plagi zilifunguliwa: nafasi milimita 1.1, sawa, ingawa boksi liliandikwa iridiamu na ncha ya katikati ilikuwa nene kama ya plagi ya kawaida. Zitafanya kazi kwa muda, hazikuwa zikizimisha gari, lakini mwenye gari alilipia jina.

Jaribio la mwisho halihitaji chombo. AC imewashwa, gia N, injini inapepesuka kwenye 550: fungua mlango wa throto kwa mkono, unene wa ukucha tu. Injini ikatulia papo hapo na ikabaki imetulia. Petroli ipo, moto upo, inakosa pumzi.

Kufungua throto

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa. Throto ya NZE ya waya hupitishiwa maji ya rejeta kwenye mwili wake, kwa hiyo mipira miwili midogo ya maji lazima ibanwe kabla ya kuchomolewa. Ukipoteza zaidi ya glasi moja ya maji, hukubana vizuri. Toa bomba la hewa, chomoa waya wa pedeli, soketi ya sensa ya throto na soketi ya ISC yenye nyaya tatu, kisha boliti za throto. Gasketi ya nyuma mara nyingi hubaki nzima, lakini kununua mpya ni busara kuliko kutafuta hewa ya wizi kesho.

Kabla ya kusafisha, picha mbili zilikuwa wazi. Ukingo wa nyuma wa mlango ulikuwa na kola nyeusi, na tundu la kichochoro lilibaki kama jicho la sindano ya magunia. Kwenye njia ya maji kulikuwa na ukoko mweupe. Huo ni wa maji ya kisima. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na alumini na chumvi hawakai chumba kimoja; rejeta ya gari la pwani inataka kuulanti, au maji yaliyosafishwa ya kujazia betri (si asidi) kama hakuna kuulanti, wala si ndoo ya kisimani.

Kuifungua vali ya ISC kutoka kwenye throto ndipo watu wanapoharibu. Skrubu zake ni laini, na hewa ya bahari huwa imezishikisha. Bisibisi isiyokaa sawasawa huzila vichwa mara moja. Bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, yenye ncha inayojaa, ndiyo ya kutumia. Tone la mafuta ya kupenya dakika 20 kabla husaidia. Ndani kuna kipande kinachozunguka. Kipulizie kisafishio cha throto, kiguse kwa pamba ya masikio, kipulizie tena, mpaka kigeuke bila kunata. Shika vali tundu likitazama chini ili uchafu usitiririkie upande wa umeme. Usichovye vali yote kwenye petroli kama inavyofanywa na wenye haraka: koili na saketi yake ya ndani vitakufa, na utalazimika kununua vali uliyokuja kuiokoa. Vivyo hivyo sensa ya throto. Isipate kisafishio kabisa.

Mlango wenyewe hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa. Msasa na brashi ya waya visikaribie. Ukingo ukikwaruzwa, mlango hautafunga tena kama ulivyotoka kiwandani, na hakuna skrubu itakayolirudisha hilo. Kazi yote hutumia karibu nusu ya kopo.

Skrubu isiyokuwa ya kuguswa

Skrubu ya kuzuia mlango iliwekwa kiwandani ili mlango usijibane ndani ya alumini. Kazi yake ni hiyo tu. Mtu akiikaza, anaingiza hewa ambayo kompyuta haikuiagiza na haiwezi kuikata. Asubuhi, vali ya ISC ikiwa wazi kwa ajili ya baridi, hewa mbili hujumlishwa na injini hupiga kelele. Ikipata moto, kompyuta huibana vali hadi mwisho kupunguza mlio, na vali iliyobanwa ndani ya masizi ndiyo inayohitajika kuruka wazi AC inapoingia. Hairuki.

Kuirudisha: legeza nati, toa skrubu mpaka isiguse mkono wa mlango, mlango ukiwa umejifunga wenyewe. Irudishe polepole mpaka iguse, kisha ongeza kidogo sana, mpaka mlango ufunguke bila kukwama ukijaribiwa kwa kidole. Kaza nati. Volti ya sensa ya throto, mlango ukiwa umefungwa, ilikuwa 0.92 kabla, baada ya kurudishwa ikasoma 0.61. Zote ziko ndani ya mipaka ya kompyuta, na ndiyo sababu hakuna kodi iliyowaka kumshtaki aliyeikaza.

Na starta iliyokuwa inalemea?

Hapa wengi wangefunga boneti. Lakini betri mpya ilinunuliwa kwa sababu fulani, na sababu hiyo ilikuwa haijatajwa na mtu. Dereva alipoulizwa alikiri: starta bado inalemea, "afadhali kidogo kuliko zamani".

Weka multimita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye klampu. Nyingine kwenye chuma safi cha injini. Mtu apige starta. Njia nzuri ya athi, yaani ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, hupoteza volti 0.2 au 0.3. Hii ilipoteza 1.3. Kati ya betri na gia palikuwa na waya mweusi usio na kasoro kwa nje, lakini ulipokatwa sentimita tatu kutoka kwenye kichwa chake ndani yake ulikuwa kijani na unga. Chumvi huingia kupitia kichwa kilichobanwa na kupanda ndani ya plastiki kama mafuta kwenye utambi. Sentimita kumi zaidi shaba bado ilikuwa nyeusi, na shaba nyeusi haipokei risasi wala haibanwi ikashika. Waya mzima ukatupwa.

Uliowekwa ni wa shaba wa milimita za mraba 25, vichwa vimebanwa kwa koleo la kazi hiyo, si kwa nyundo. Kiti cha boliti kikapigwa msasa mpaka kikang'aa, kikafungwa kikiwa kikavu, kisha ndipo kikapakwa vaselini juu. Anayepaka kwanza na kufunga baadaye anaweka vaselini kati ya chuma na chuma. Kipimo kipya: 0.15. Starta ikapiga kama ya gari jingine, na ile betri ya zamani, ambayo kwa bahati haikuwa imeuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ilijaribiwa ikakutwa nzima.

Mnyororo wote ukaonekana kuanzia mwanzo: waya umeoza, starta ikalemea, betri ikalaumiwa, kumbukumbu ikafutika, throto chafu ikaanikwa, plagi na pampu zikalipa fidia.

Kuifunza kompyuta

Athi ilifanywa kabla ya hatua hii kwa makusudi, kwa kuwa kutoa betri tena baadaye kungefuta kila kitu. Gari lililosafishwa lakini lenye kumbukumbu ya uchafu hunguruma kwa 1,200 au kupanda na kushuka, na hapo ndipo mtu mwingine huja na bisibisi kuikazua skrubu. Toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa dakika chache au acha betri imefunguliwa, halafu:

Amsha injini katika P, bila AC, taa wala redio, mguu mbali na mafuta. Iache mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Ongeza dakika kama tano za utulivu. Washa AC, dakika tano. Shika breki, ingiza D, AC ikiwa bado imewashwa, dakika mbili tatu. Kisha liendeshwe mitaani na kusimamishwa mara kumi au kumi na tano, mara nyingine taratibu, mara nyingine kwa ghafla. Teksi hii haikuwahi kupata utulivu huo tangu betri ibadilishwe. Kila ilipokaribia kujifunza ilizima au iliitwa na abiria.

Baada ya hapo: N bila AC 700, N na AC 780, D na AC 690. Jaribio la pini 4 na 13 likapandisha hadi 1,150 kisha likashuka. Sensa ya hewa ikasoma gramu 2.1 kwa sekunde, kutoka 1.7.

Gari lingine lenye dalili hizi likitoka salama kwenye vipimo hivi vyote, la kufuata kwenye 1NZ ni vali ya oili ya VVT-i, mfumo unaosogeza kemu ili kubadilisha wakati wa vali za injini kufunguka. Ikinasa wazi, kemu ya upande wa hewa hubaki imetangulizwa na injini hukosa utulivu chini ingawa huvuta vizuri juu. Injini ikiwa moto na inanguruma, chomoa soketi yake uipe vali umeme wa betri kwa muda mfupi: vali nzima huifanya injini itetemeke au izime, kama kitu hakibadiliki kagua vali na kichujio chake kidogo. NZE za baadaye, zenye throto ya umeme, hazina vali ya ISC kabisa. Mlango wenyewe ndio unaosogezwa na mota, husafishwa kwa kitambaa na haulazimishwi kufunguka kwa kidole.

Vali ya PCV, inayorudisha moshi wa ringi kwenye njia ya hewa, ilibadilishwa kwa kuwa haikucheza ilipotikiswa, na oili ikapangiwa kila kilomita 5,000. Throto itazamwe tena baada ya 20,000. Mpaka ugonjwa uishe, dereva alikuwa ameambiwa aingie kwenye rampu ya feri akiwa nyuma sana ya gari la mbele: injini ikizima kwenye mteremko, buusta huwa imebakiwa na pumzi ya kukanyaga breki mara moja au mbili tu, kisha pedeli huwa jiwe.